Nepi ya Gari la Tuyara

Katika kijiji cha Tiitebe hakuna mtu anayesikia baridi. Muulize yeyote. Mate yanaganda kabla hayajagusa ardhi, kunguru wameacha kuruka na wamejipanga juu ya mabomba ya maji moto, vichwa vimefutikwa mabawani, moshi wa majiko umesimama wima juu ya mapaa kama nguzo, na mtu atatoka nje, atavuta hewa mpaka matundu ya pua yashikane, kisha atatangaza kama aliyetoka kushiba, "Leo kuna joto." Maneno "chini ya sifuri" hayatumiki. Kuanzia Oktoba hakuna kilicho juu ya sifuri, sasa uyataje ya nini? Mtu akisema "hamsini", amemaliza. Na jirani yake atamjibu, "Hamsini tu? Basi ngoja nitafute nguo yangu ya kuogelea."

Tuyara alikulia ndani ya mizaha hiyo kama watoto wengine wa Yakutia wanavyokulia ndani ya manyoya. Baba yake alikuwa dereva wa barabara ya Tiitebe hadi mjini, na magoti yalipomshinda alimwachia binti kazi pamoja na gari, mtambo mkuukuu wa kijivu wenye umbo la mkate, ambao kijiji kizima kiliuita Boflo. Alimwachia na sharti moja: injini inawashwa bata mwitu wakiondoka kwenda kusini na inazimwa bata wakirudi. Hapo katikati, usiku Boflo alilala bandani penye jiko, na mchana aliunguruma tu, awe anatembea au amesimama, hata kama dereva yuko kwa shangazi yake anakula. Mwenye kuzima injini barabarani amejitafutia kaburi, mzee alimwambia, tena kaburi lenyewe halichimbiki mpaka Juni.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo nene na hasira za karibu, umri wake umepita arobaini. Mume alikuwa naye zamani. Alihamia kusini kufuata jua, akaandika mara moja kwamba huko watu wanatembea Machi bila kofia, na tangu siku hiyo kijijini hakutajwa tena ila kwa kusikitikiwa, kama mtu aliyeingia kwenye ulevi. Walimsikitikia na Tuyara. Labda ugonjwa ule unaambukiza, walisema, na macho yao yakaenda kwenye boneti ya Boflo.

Maana Boflo alivaa blanketi. Mama yake Tuyara alilishona kwa manyoya ya farasi na kitambaa kizito cha koti la jeshi, kamba nne pembeni, na kila safari Tuyara alilifunga juu ya injini kama anayemfunga mtoto mbeleko. Madereva wengi huweka kitu, gunia au kipande cha zulia, lakini kwa siri, ndani, chini ya boneti. La Tuyara lilikaa nje, waziwazi, na lilikuwa na maua.

Aliyelipa jina alikuwa Baybal. Alikuwa mfuga farasi, jitu la mtu, ambaye masikio ya kofia yake hayajawahi kufungwa kidevuni tangu alipokuwa shule. Aliliita nepi. "Tuyara, mtoto amekojoa?" angemwuliza mbele ya duka. "Mbadilishe basi, ataungua mapaja!" Sherehe ya mwaka mpya alileta chupa ya kunyonyeshea yenye maziwa, akaiweka juu ya boneti mbele ya watu wote. Watu walicheka mpaka machozi yakagandana kopeni. Tuyara naye alicheka. Kutocheka kungekuwa sawa na kukiri kwamba anasikia baridi.

Siku inayosimuliwa hapa ilikuwa ya Januari, hamsini na ushee, yenye ule ukungu mweupe unaotokana na pumzi za watu, ng'ombe na magari na kukataa kuondoka. Tuyara alikuwa anarudi kutoka mjini. Kituo cha mafuta kilikuwa kimepungukiwa, akapata nusu ya alichotaka. Kinatosha kufika nyumbani, alijiambia, mradi nisifanye ujinga njiani.

Abiria walikuwa wawili. Mbele, pembeni yake, alikaa Bibi Balbara, mjane wa miaka themanini na kitu, aliyetoka kupimwa macho na kununua samaki. Samaki wake walisimama wima ndani ya gunia nyuma ya kiti, wagumu kama kuni, mikia juu. Nyuma alikaa Keskil, seremala, amekumbatia koti lake kwa mikono miwili. Ndani ya koti kulikuwa na keki. Binti yake alikuwa anatimiza miaka saba jioni ile.

"Keskil, una mimba ya miezi mingapi?" Bibi Balbara aliuliza.

"Najifungua leo, bibi. Usinichekeshe, krimu itatikisika."

Walivuka mto juu ya barafu, wakapanda ukingo wa pili, na hapo, chini ya mteremko wa misonobari, waliona gari dogo jeupe la Kijapani limeegeshwa pembeni, pua yake imeelekea mjini. La Baybal.

Kwenye barabara ile huwezi kumpita aliyesimama. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja. Tuyara alikanyaga breki, akashusha kidogo kioo chake. Baybal alifungua mlango wa gari lake nusu. Alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kikombe mkononi, kofia imetupwa kisogoni, ndevu nyeupe kwa jalidi.

"Baybal! Umekwama?"

"Akwame nani? Nakunywa chai."

"Mbona umesimama?"

"Jua kali, dada. Nimejificha kivulini nisiungue."

Keskil aliangua kicheko kule nyuma, akaishika keki yake.

"Nauliza kweli," Tuyara alisema. "Unataka kuvutwa? Kamba ninayo."

Baybal alimwangalia. Kisha akaliangalia blanketi la maua, na uso wake ukajikunja kwa tabasamu lililochelewa kidogo kufika. "Mimi nivutwe na gari lenye nepi? Kijijini nitaingilia wapi? Nenda, mama watoto, nenda, kabla halijaloa."

Damu ilimpanda Tuyara masikioni. Alipandisha kioo, akaondoa gari kwa nguvu hata gunia la samaki likaanguka.

"Mshenzi," alisema.

"Mshenzi, lakini ana ulimi," alisema Bibi Balbara, akawasimamisha samaki wake upya.

Barabara ilipanda taratibu kuelekea kilele. Kwa kitambo kirefu Tuyara aliendesha tu. Alikuwa anatunga majibu. Yalikuja mazuri sana, moja baada ya jingine, kama yanavyokuja siku zote mtu akishaondoka. Angemwambia hivi, angemwambia vile. Ndani ya ghadhabu ile kulikuwa na kitu kidogo kinamkwaruza, lakini hakukipa nafasi.

Kileleni kuna mti uliofungwa nywele za mkia wa farasi, mpya juu ya kuukuu, na hapo kila anayepita husimama ampe mwenye njia, roho ya barabara ile, chochote alicho nacho. Tuyara alisimama. Hakuzima injini. Walishuka watatu. Keskil alifunga unywele tawini kwa meno na mkono mmoja, mwingine ukishika tumbo. Bibi Balbara alitoa chapati nyembamba ya siagi, akaikata, akaweka kipande shinani. Kisha akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kikombe.

Chai ilipotoka tu, mvuke uliruka. Ulipanda mweupe, mzito, ukamfunika bibi uso na kofia, asionekane. Akaimwaga kwa mwenye njia, na ile chai ikapasuka hewani ikawa wingu, ikateremka chini kwa mlio mwembamba kama mchanga.

Tuyara alisimama akilitazama wingu lile.

Kikombe cha Baybal hakikuwa na mvuke.

Alikiona. Alikiona waziwazi, mlango umefunguliwa nusu, mkono umenyooka, kikombe kimetulia kama kwenye picha. Hakuna hata uzi mmoja wa mvuke. Na nyuma ya gari, kwenye ekzosi, hakukuwa na moshi. Na vioo vyake vyote vilikuwa vyeupe, jalidi imetanda kwa ndani. Aliyaona yote hayo kwa macho yake ya dereva, na akayapita, kwa sababu mtu alilitukana blanketi lake.

"Ingieni garini," alisema. "Tunarudi."

"Wapi?" aliuliza Keskil.

"Kwa Baybal. Gari lake limezimika. Chai yake ilikuwa imeganda kikombeni."

Keskil alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake, tena anacheka vibaya. "Lakini amesema yuko salama, dada. Mtu mzima, kwa mdomo wake mwenyewe."

"Ulitaka aseme nini? Wewe ungesema nini?"

Keskil aliliruka hilo. Akashika jingine. "Na mafuta? Uliniambia mwenyewe kituoni yanatosha kufika tu. Tukirudi mpaka mtoni, nyumbani hatufiki leo. Mwanangu ananingoja, Tuyara. Na tukimkuta amekaa anakoroma mle ndani? Mpaka bata warudi utaitwa yaya. Utamfuata kumfunika shuka!"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa alikwishaliwaza. Aliziona sura dukani. Alisikia kicheko. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa cha mlango na hakukifungua.

Ni ujasiri gani huu, unaomfanya mtu aone haya kusema anakufa? Na ni watu gani sisi, tunaoona haya kumwuliza mara ya pili? Wilaya haijatuwekea mnara wa simu kwenye barabara ile, wala kibanda chenye jiko, na tumeacha kudai, kwa sababu anayedai kibanda anasikia baridi.

Bibi Balbara alikuwa anakifuta kikombe chake kwa ncha ya shali. "Mume wangu alitoka kwenda kutazama mitego," alisema. "Nikamwambia vaa glavu za pili. Akaniambia, nani, mimi? Nikacheka. Alikuwa mchekeshaji, maskini. Tulimpata na glavu moja." Akakitia kikombe mfukoni. "Geuza gari, mwanangu."

Kugeuza gari juu ya kilele si jambo la mara moja. Barabara ni nyembamba, na pembeni theluji inakaa laini kama unga. Tuyara alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma, na gurudumu la kulia likaingia. Boflo aliinama. Injini ilinguruma bure, theluji ikaruka, gari likazidi kuzama.

"Koleo!" Tuyara aliita.

Keskil aliiweka keki mapajani mwa bibi, akatoka. Alichimba upande mmoja, Tuyara upande wa pili, jasho likitoka na kuganda hapohapo shingoni. Jua lilikuwa limekwisha kugusa vichwa vya misonobari. Mchana wa Januari ni mfupi, na gari likizimika jua halina msaada wowote, ila mwanga wa kumtafutia mtu. Keskil alivua koti la juu, akalitandika chini ya gurudumu bila kuambiwa. Boflo alilikanyaga, akateleza, akalishika, akatoka.

Waliteremka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni, na Tuyara aliendesha pua ikikaribia kioo, akikwangua jalidi kwa kucha. Kila mti ulikuwa gari, na kila gari lilikuwa mti.

"Pole pole, usimgonge," alisema bibi.

Lile jeupe lilijitokeza ghafla mbele ya boneti. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ndani hapakuwa na mtu.

Tuyara aliruka chini. Kiti kilikuwa kimechanwa, sponji imetolewa, na barabarani palikuwa na doa jeusi ambapo ilichomwa. Tairi la spea lilikuwa limelala karibu, limebabuka upande mmoja tu. Kuzunguka tairi, juu ya theluji, kulitapakaa njiti za kiberiti, nzima, hazijawashwa. Tuyara aliinama akazitazama. Mtu alikuwa amejaribu kuziokota kwa vidole visivyoshika tena.

Kikombe kilikuwa juu ya dashibodi. Keskil alikipindua. Chai ilitoka kipande kimoja, ya duara, ikagonga sakafu kama jiwe.

"Baybal!" Tuyara alipiga kelele. "Baybal!"

Ukungu ulimeza sauti.

Nyayo ziliondoka barabarani. Hazikwenda kijijini wala hazikwenda mjini. Ziliteremka kando, kuelekea vichaka vya ukingoni, ambako hakuna kitu. Walizifuata, Tuyara mbele. Walikuta kofia. Mbele kidogo, glavu. Kisha ya pili. Halafu mshipi wa koti, umetupwa vizuri, kama mtu anayeingia nyumbani kwake na kuvua kitu kimoja kimoja.

Alikuwa amekaa akiegemea kichaka, miguu ameinyoosha. Koti wazi, shati limefunguliwa vifungo mpaka tumboni, kifua kimekuwa na rangi ya nta. Alikuwa anatabasamu.

"Karibuni," alisema kwa ulimi mzito. "Leo kuna joto."

Keskil alicheka. Kilimtoka tu, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu. Kikakatika katikati.

"Joto kweli," Baybal aliendelea taratibu, na macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. "Tuyara, fungua dirisha. Mnapasha jiko kupita kiasi humu."

Maisha yake yote Tuyara alikuwa amesikia maneno hayo na kuyacheka. Sasa yalimtia woga ambao hajawahi kuujua. Mtu aliyefika mahali pa kuona joto kweli hana muda.

"Mshike!" alimwambia Keskil. "Mfunge koti!"

Baybal alipigana nao. Hakuwa na nguvu, lakini alikuwa mkubwa, na alikataa kuvishwa, akilia kama mtoto kwamba anaungua, anaungua, mwacheni. Keskil alimkalia miguu. Tuyara alimfunga koti, akamvika kofia, akayafunga masikio ya kofia chini ya kidevu kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa shule. Mwili wake ulikuwa baridi mpaka makwapani. Koti hilo lingehifadhi baridi yake tu.

Ndipo alipomwacha, akakimbia kurudi kwa Boflo, akakata kamba nne kwa kisu.

Blanketi lilitoka na joto la injini, lote, kama mkate kutoka jikoni. Alilikumbatia ndani ya koti lake lisipoe na kukimbia nalo. Walimviringisha Baybal ndani yake kutoka kidevuni hadi magotini, wakamburuta juu ya theluji hadi barabarani, maua yakiwa juu, wakampandisha sakafuni. Bibi Balbara alikwishateremka kutoka kiti cha mbele. Alifungua koti lake la manyoya, akaichukua mikono ya Baybal akaitia kwapani mwake, ngozi kwa ngozi, akashtuka lakini hakuitoa.

"Vidole vyako ni samaki," alimwambia. "Usilale, mjukuu. Nani jina lako?"

"Niacheni nilale."

"Jina nimekuuliza! Una adabu gani?"

Tuyara alifunga zulia la sakafuni juu ya boneti kwa kilichobaki cha zile kamba. Kisha akamwondoa Boflo, pua ikielekea mjini, kwenye hospitali. Kwa nyumbani sasa mafuta hayakutosha hata kwa ndoto.

Mtoni upepo ulikuwa umeamka. Ukalipiga zulia, likapeperuka upande mmoja, likaanza kupigapiga kioo. Tuyara alitazama mshale wa joto la injini. Ulikuwa unashuka. Hita ndani ya gari ilianza kutoa hewa ya uvuguvugu, kisha hewa tu. Boflo alikohoa katikati ya barafu.

"Usinifanyie hivyo," Tuyara alimwambia. "Si leo. Nitakuvalisha hata hariri, lakini si leo."

"Hajibu tena!" Keskil alipiga kelele kutoka nyuma. "Baybal! Bibi, amefumba macho!"

"Mpe kitu kitamu. Ana pumzi bado. Una nini?"

Keskil aliinamia keki. Halafu Tuyara alisikia karatasi inachanwa. Kwenye kioo cha kati alimwona Keskil anachota krimu kwa kidole kutoka kwenye ua la waridi lililoandikwa jina la mwanawe, anaipaka kwenye midomo ya Baybal.

"Lamba," alimwambia. "Lamba, ng'ombe wewe. Ni ya mtoto. Ukifa na keki ya mtoto mdomoni, sitakusamehe."

Midomo ilisogea. Ulimi ukatoka kidogo.

"Nani jina lako?" aliuliza Bibi Balbara.

"Bay," alisema Baybal. Na baada ya muda, "bal."

Walipanda ukingo wa mji zulia likiwa limekwisha kung'oka. Taa za kwanza zilionekana ndani ya ukungu, za njano, zimevimba. Boflo alikohoa mbele ya lango la hospitali, akakohoa ndani ya ua, na alipofika mlangoni akazimika mwenyewe, petroli imeisha hadi tone. Kati ya bata na bata, ilikuwa mara ya kwanza injini yake kuzimika nje ya banda. Tuyara alibaki ameshika usukani, akisikiliza ule ukimya, wakati wauguzi wakimbeba Baybal kuingia ndani pamoja na nepi yake.

Aliishi. Walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia na ncha ya sikio. Tuyara alipokwenda kumwona, alimkuta amelala chali, mikono imefungwa bandeji kama ya bondia, blanketi la maua miguuni.

"Wamenibadilisha asubuhi," alisema Baybal, akiliangalia. "Sijakojoa."

Tuyara alikuwa ameyabeba yale majibu yake mazuri ya barabarani, yote, tangu siku ile. Hakulitumia hata moja. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

Baybal aligeuza uso ukutani. 

"Bomba la mafuta liliganda kama saa mbili kabla hujapita," alisema. "Nikasema atapita mtu. Nikaomba apite mtu. Halafu ukapita wewe."

Tuyara aliinuka, akalivuta blanketi akamfunika vizuri miguu, akatoka bila kuaga. Kwenye korido aliegemea ukuta. Alikuwa na hasira kuliko alivyowahi kuwa, na hakujua amkasirikie nani: Baybal, au yeye mwenyewe aliyeondoka kwa sababu ya tusi, au ile shule yao yote ya vicheko iliyomfundisha mwanamume mzima kwamba afadhali agande kuliko avutwe.

Keskil alipata keki nyingine baada ya siku chache. Binti yake alisema ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri, ingawa hakuiona.

Tuyara hakutoa hotuba kijijini. Alipeleka ombi la kibanda cha kileleni kwa mkuu wa kijiji, na mzaha ulipoanza, "Tuyara anataka tumjengee kitanda cha mtoto," alisubiri uishe, kisha akarudia ombi lake kwa maneno yaleyale. Na barabarani akaanza tabia mpya. Akikuta gari limesimama, hamwulizi dereva kitu. Anashuka, anavua glavu, anaweka kiganja juu ya boneti. Mwanzoni walimcheka. Wengine walikasirika: mtu kupapasiwa gari lake kama ng'ombe wa mnada! Yeye aliweka mkono tu, akahesabu kimoyomoyo mpaka aridhike, akarudi zake garini.

Kipupwe kilichofuata, chini ya misonobari ileile, gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa pembeni. Tuyara alisimama. Baybal alikuwa ndani, masikio ya kofia yamefungwa chini ya kidevu. Alimwona anakuja. Alishusha kioo, akatulia kama mtu anayepimwa mapigo ya moyo.

Tuyara alivua glavu. Chuma kiliuma kwanza, kisha joto likapanda taratibu kutoka chini, na mtetemo wake. Chini ya boneti, ukingo wa kitambaa ulichungulia. Kilikuwa na maua.

"Namngoja mpwa wangu na farasi," alisema Baybal. "Injini haijazimwa."

"Nimesikia."

Alivaa glavu. Baybal alitazama mto, ukungu, kile kichaka kule ukingoni. Pumzi yake ilitoka dirishani ikaganda, ikachakacha hewani.

"Tuyara," alisema, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Leo kuna baridi."

"Kali," alijibu Tuyara.